Hatutaki tena kuwa majina kwenye liste

Wandugu raia wa Butembo, na ninyi muko mbali, Kinshasa, Kampala, Bruxelles ao Montréal, munaotuma makuta kila mara mukisikia kwamba kwetu watu wameunguliwa nyumba ao wamekimbia vita:

Andiko hili ni juu yenu. Tena ni juu yetu sisi vijana, wenye kupita na kartoni mukononi tukiomba franga kwa jina la wenye taabu. Tunataka kusema kwa sauti kitu ambacho watu wa huku wanasema paka kwa kunong'ona: si kila shirika la musaada linamufaa mutu anayesaidiwa. Kuko shirika lenye kumuachia mutu nguvu ya kujitafutia, ya kuuza, ya kujenga, ya kukataa. Na kuko lenye kumuachia nambari kwenye liste, basi. La kwanza mulipe makuta yenu. La pili mulinyime, hata kama liko na gari nyeupe na rapoti ya kurasa 40.

Mwenye kusema wengine anapaswa kuanza na kujisema mwenyewe. Basi tunajisema.

Kiangazi kilichopita moto iliunguza nyumba za mbao kwenye avenyu moja ya komine Bulengera. Familia kumi na moja zikalala inje. Tulipita sokoni, kwa motari, kwenye chuo kikuu, kwenye makanisa mbili, na usiku tukahesabu: dola 386, na franga kidogo juu yake. Tukakaa chini kuamua. Shirika moja lilikuwa limetufikia mapema. Mukubwa wake alikuja na karatasi iliyopangwa vizuri: matela, ndoo, sabuni, sufuria. Muunganishe makuta yenu na yetu, akasema, na jina lenu tutaliandika kwenye banderoli. Dada mumoja kati yetu, yeye anauza samaki ya chumvi ya Kyavinyonge, akanyoosha mukono. "Miye nimefika kule. Yule mama wa kona hana lazima ya sabuni yetu. Kapitali yake njo imeungua, dola 70 pamoja na mizigo ya samaki. Na kuko familia mbili zilirudia parsele zao asubui zikakuta mutu iko na karatasi, anasema ni yake. Hao muwatafutie avoka." Watu wakacheka kidogo. Mumoja akamuambia kwamba hakuna mutu analala juu ya avoka. Tukapiga kura: 19 kwa matela, 7 kwa maneno ya dada.

Siku ya kugawa, wamama walipanga mustari tangu saa kumi na mbili ya asubui mpaka saa nane. Kila moja alishika matela, ndoo na sabuni mbili, akasimama mbele ya banderoli, akapigwa foto. Sisi njo tulishika ile banderoli, mutu huku na mutu kule. Mama mumoja alituambia pole pole, bila kasirani: "Banangu, musinipige nikiwa na hizi nguo." Alipigwa foto tu, kwa sababu foto ilikuwa kwenye masharti ya mufazili.

Kisha zile familia mbili. Miezi mbili nyuma, parsele zao zilikuwa zimefungwa na ukuta wa matofali. Moja sasa inapanga chumba kwa watu, watoto watano na wazazi. Tulienda kuwasalimia. Matela iko, safi kabisa, wameisimamisha kwenye ukuta. Pa kuitandika njo hakuna.

Hatusemi shirika liliiba. Halikuiba. Lilifanya yote iliyokuwa kwenye karatasi, kitu kwa kitu, na rapoti ilienda Ulaya na ilipokelewa vizuri. Hilo njo linatusumbua kuliko wizi. Mwizi tungemushitaki. Lakini kazi iliyofanyika vizuri kabisa, na nyuma yake mutu akabaki bila udongo wake na bila kapitali yake, utaishitaki wapi?

Sasa tuulize: mama wa Butembo ni masikini juu ya nini? Juu hana ndoo? Mutu yeyote anayeamuka saa kumi ya usiku katika muji huu anajua kwamba wavivu hapa ni wachache. Mufuate yule mama wa samaki siku moja, tangu ziwa mpaka soko, na uhesabu mikono yenye kuingia ndani ya mufuko wake. Kuko mukono kwenye ufuko wa ziwa. Kuko mikono njiani, ya wenye uniforme na ya wenye silaha bila uniforme. Akifika soko kuko jeto ya kiti, kuko mutu wa usafi, kuko mwingine anayekuja na daftari lakini hatoi karatasi ya malipo, na ukimuomba karatasi anakuambia: "Mama, unanifundisha kazi?" Akikataa, wanabeba beseni yake. Jioni anahesabu faida, na faida imeliwa na watu ambao hawakununua hata samaki moja.

Watafiti wa IPIS, taasisi moja ya Ubelgiji, walifanya na wenzao Wakongomani kazi ya kuhesabu bariere za barabara katika Kivu zote mbili. Mwaka 2017 walitangaza hesabu yao: bariere 798. Mia saba tisini na nane! Kwa barabara ambazo hata gari haipiti vizuri. Sisi tunasema ile hesabu ni musaada mukubwa kuliko makontena ya nguo, ijapo hakuna mama aliyepewa hata kijiko. Kwa sababu mbele yake tulikuwa paka watu wenye kulalamika, na nyuma yake tuko na karatasi ya kuweka juu ya meza ya mukubwa.

Wazee wetu wa wakati wa Zaire walikuwa na muzaha wao wa "artikle 15": ujipange mwenyewe, kila mutu na akili yake. Tumecheka muzaha huo miaka na miaka mpaka tukasahau kwamba kuko artikle za kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 34, inasema mali ya mutu ni kitu kitakatifu, iwe aliipata kwa sheria ao kwa desturi, na hakuna mutu ambaye vitu vyake vinaweza kukamatwa bila uamuzi wa tribunali yenye uwezo. Rudia hiyo polepole ukifikiri ile beseni ya samaki. Artikle 35 inalinda haki ya mutu kuanzisha kazi yake mwenyewe, na inaomba Serikali itie moyo biashara ndogo ya Mukongomani. Artikle 174 inasema hakuna kodi bila sheria. Basi yule mutu wa daftari bila karatasi, si kwamba yeye ni mubaya kidogo. Hana haki hata ya kusimama pale.

Njo maana tukisema uhuru wa uchumi, hatuzungumze kitabu cha profesa. Tunasema: kile nimepata kwa jasho kikae changu, nikiuze kwa mutu ninayemutaka, kwa bei tunayosikilizana, na mutu mwenye bunduki ao mwenye kashe asiingie katikati yetu. Na tukisema haki za mutu mumoja mumoja, tunasema ya huyu mama, na jina lake na udongo wake. Hatusemi ya "wanufaika 1,000" wa rapoti.

Sasa angalieni mashirika mengi namna yanavyofanya kazi. Yanamukuta mama na mashimo kumi kwenye mufuko, yanatia dola tano ndani ya mufuko, yanapiga foto, yanaenda. Mashimo hawagusi. Ukiwauliza juu ya nini, wanajibu kwamba shauri la kodi ni siasa na wao hawafanye siasa. Wandugu, kunyamaza mbele ya mutu anayebeba beseni ya mama, hiyo haiko siasa? Tena siasa ya upande gani?

Kuko kitu kingine kibaya zaidi, na hapa Butembo tunakijua ndani ya nyumba zetu. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, makuta iliingia hapa kama mvua, na kazi zilikuwa mikononi mwa watu wachache wenye kuandika majina. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa rapoti yake: watuhumiwa 83 wa kuwanyanyasa wanawake na wasichana kwa ngono, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Wengi wa wanawake wale walikuwa wanatafuta paka kazi. Kufagia, kufua, kupika. Mutu ambaye shirika lake halina njia ya kushitaki mukubwa wa shirika, anakuwa shefu juu ya mwili wa watu. Hii njo inatoka wakati wenye kusaidia wanaona wanaosaidiwa kama mulundo, bila kuona watu wenye haki. Basi mbele ya kutoa dola moja, uliza: mama akionewa na mutu wenu, anashitaki wapi, na nani mumoja kati yenu amekwisha kufukuzwa juu ya hilo? Shirika likikuambia "kwetu hayo hayafanyikake", funga mufuko wako.

Juu ya ukweli, tuseme habari ya GiveDirectly. Hawa ni Wamarekani wenye kutuma makuta moja kwa moja kwenye telefone ya mutu, bila matela, bila sabuni, wanamuachia achague. Wazo hilo tunalipenda, kwa sababu linamuhesabu mutu kuwa na akili. Lakini Kivu Kusini, mwaka 2022, watu wao wenyewe wa ndani walipanga wizi, wakakula karibu dola 900,000 za familia zaidi ya 1,700. Kwa hiyo musitupokee hapa kama watu wenye kusema kwamba makuta mukononi inamaliza kila kitu. Sivyo. Lakini ona: sisi tunajua hesabu hiyo kwa sababu shirika lenyewe liliitangaza mwaka 2023. Ni mangapi hapa kwetu yaliyoibiwa na yakanyamaza, rapoti ikaandikwa "changamoto za logistiki"? Sisi tungependelea kumupa makuta mwenye kusema "tuliibiwa, hesabu ni hii" kuliko yule ambaye kwake hakuna kitu kimeibiwa tangu Yesu.

Musaada wenye kufungua mulango upo, na mara nyingi haupendezi kwenye foto. Mupaka 2016, mwanamuke mwenye ndoa katika inchi hii alikuwa anaombwa ruhusa ya bwana yake ili afanye tendo la kisheria lenye kumufunga. Kodi ya familia ya 1987 njo ilisema vile. Mama mwenye kulisha watoto sita na biashara yake, mbele ya sheria alikuwa kama mutoto. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Haikuletwa na lori ya ndoo. Ilitoka kwa vyama vya wanawake na wanasheria waliokaa miaka mingi wakiandika, wakigonga milango ya wabunge, wakiitwa wenye kuharibu nyumba za watu. Dola yako ikilipa karatasi na usafiri wa watu wa namna ile, inawafikia wamama wengi kuliko ambao mutaweza kupanga kwenye mustari katika maisha yenu yote. Kazi haijaisha, tunajua. Muende mukaulize maofisini wangapi bado wanaomba sahihi ya bwana "kwa usalama". Njo pale pa kutia makuta.

Bukavu kuko Héritiers de la Justice, ambao walichukua kazi ya kufundisha raia wa kawaida sheria na kuandika uonevu bila kuogopa jina la mutu. Katibu wao, Pascal Kabungulu, aliuawa nyumbani kwake tarehe 31 Julai 2005. Hakuna mutu anayeuawa juu ya kugawa sabuni. Tafakari hiyo.

Na kuko vitu vidogo. Zile AVEC ambazo mama zetu wako ndani, sanduku na funguo tatu, hesabu mbele ya watu wote kila juma: namna hiyo ilianzia Niger, upande wa Maradi, mwaka 1991, CARE ikifanya na wanawake wa vijiji. Kwetu haikuwa ngeni, juu likelemba tuliijua tangu zamani. Ajabu yake ni kwamba shirika la inje halitii makuta ndani ya sanduku. Linaleta muntu wa kufundisha hesabu, linakaa mwaka ao zaidi kidogo, kisha linaenda. Makuta ni ya wamama, mukopo wanajipa wao, anayekataa kulipa wanamujua na nyumba yake. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi ya kusimamisha misaada ya inje, na kwa siku chache biro nyingi za hapa kwetu zikafunga, gari zikapaki, watu wakarudishwa nyumbani. Ile proje yote iliyokuwa inaitwa "ya kudumu" haikudumu hata mwezi. Sanduku za AVEC za kartie yetu zilifunguliwa juma ile ile kama kawaida. Tulikuwepo.

Mufano mwingine ni mugumu, na hatutaki kuupunguza. Fondation Virunga imejenga mitambo ya umeme. Ule wa Matebe, Rutshuru, ulianza mwisho wa 2015. Umeme hawagawi bure, wanauzisha, na hiyo tunaisifu. Mwenye kinu analipa, anasaga, anaajiri vijana, na kesho yake ana haki ya kulalamika kama muteja, si kama mwombaji. Lakini ni shirika lile lile ambalo linasimamia mbuga pamoja na walinzi wake, na kuko wakulima wanaosema mashamba yao ya babu yako ndani ya mipaka ya mbuga, mipaka iliyoanza kuchorwa na Wabelgiji tangu 1925. Hapa mwenye kutoa asijifanye hajasikia. Uwape sifa ya umeme, na uwaulize kwa nguvu ile ile: yule mukulima mumoja, keshi yake ilisikilizwa na nani? Akishinda, analipwa nini?

Tunajua watakaotujibu. Wa kwanza watasema: ninyi vijana munakula muchana na mangaribi, njo maana munaongea katiba kwa watu wenye njaa. Watu wa Kanyabayonga walipokimbia vita mwezi wa Juni 2024 wakafika Lubero na hapa Butembo, wakalala kwenye masomo na makanisa, walihitaji artikle 34?

Hawa tunawajibu kwa heshima, kwa sababu wako na haki nusu. Mutoto mwenye kolera anahitaji maji na serumu leo, na mwenye kuyaleta tunamubusu mikono. Sisi wenyewe tulibeba bido. Vita ni vita, na kwa daktari hatuombe awe mwanasheria. Lakini juma la kwanza si mwaka wa tatu. Tunajua watu wenye kuishi kwenye makambi ambao wanaficha biashara yao ndogo, kuuza unga, kushona, kutengeneza telefone, juu wanaogopa wakionekana wanajitafutia jina litatoka kwenye liste. Musaada wa namna hiyo umefika pahali pa kumuazibu mutu juu ya kutumika. Na wale wa Kanyabayonga, siku watarudi, watakuta nani katika mashamba yao? Shirika gani leo linaandika ushahidi wao, jirani wao ni nani, mupaka wa shamba unapita wapi, mbele wazee wanaojua wafe? Hiyo nayo ni haraka. Haina foto tu.

Wengine, na hawa wako kati yetu, watasema uhuru wa uchumi ni wimbo wa matajiri: kampuni kubwa zije, zichimbe, zibebe. Tunawauliza: tangu lini sisi tulijaribu uhuru huo? Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, maduka na mashamba ya wageni yakakamatwa kwa jina la wananchi. Waliopewa ni wakubwa na marafiki zao, wale akereri ambao wazee wanakumbuka vizuri: wakauza vitu vya duka mpaka kabati, kisha duka likafa. Mwaka ule ule, sheria ya Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa wa Serikali, na udongo wa desturi ukawekwa kungojea ordonanse ya rais yenye kuupanga. Tuliingojea miaka na miaka. Njo ndani ya hilo tundu yule mutu wa karatasi alipita akachukua parsele za Bulengera. Kampuni inayofukuza muchimbaji mudogo bila kumulipa, na mwenye bariere, na mwenye ordonanse ya mufukoni, ni ndugu wa tumbo moja: wote wanakula mali ya mutu bila yeye kukubali. Uhuru tunaoutetea unaanzia kwa mutu mwenye beseni. Tajiri wa Butembo mwenye kuleta bidhaa kutoka Dubai ao China ana haki ile ile, wala hatumuchukii, wengi wao walianza na beseni. Lakini hatakuwa na haki zaidi kwa sababu anajua nyumba ya komanda.

Wa diaspora munatuambia mara nyingi: "Sisi tuko mbali, tutajuaje?" Mutajua kwa kuuliza, na kwa kutoona haya. Musiulize "mulisaidia watu wangapi". Kila mutu anaweza kuandika elfu. Uliza: mama huyu leo anaweza kufanya nini ambacho mwaka jana hakuweza, na ninyi mukienda kesho, kitabaki kwake? Uliza liste iliandikwa na nani, na shefu wa kartie alikula ngapi juu ya kila jina. Wakikasirika, umepata jibu. Uliza kama waliwahi kuandika barua kwa mukubwa juu ya kodi isiyo na sheria, na waonyeshe aksevu ya kupokelewa. Uliza kama mutu anaweza kukataa foto na bado apewe. Hili la mwisho ni dogo, lakini sisi limetufundisha zaidi kuliko rapoti zote. Na shirika dogo la wanasheria watatu wenye biro ya chumba kimoja, lisiloandikishwa vizuri mupaka sasa juu kila karatasi inaombwa kitu kidogo, musilidharau kwa sababu halina site nzuri. Sheria ya vyama, ile ya tarehe 20 Julai 2001, ni ndefu kwa masikini na fupi kwa wenye kujulikana.

Mwezi uliopita tulituma maulizo haya kwa mashirika kumi na nne yenye biro katika muji wetu. Matatu yalijibu. Moja lilituita wachochezi. La pili lilituma kalenda. La tatu lilimutuma mama mumoja wa miaka kama 50, akaja na moto, akakaa na sisi saa tatu, akasema shirika lao halijawahi kupeleka keshi hata moja tribunali, na akaomba tumupe nakala ya maulizo aende nayo kwa wakubwa wake. Hatujui itatoa nini. Jina la shirika tutalitangaza akirudi.

Juu ya zile familia mbili za Bulengera: ile iliyohamia chumba cha kupanga imesema imechoka, haitaki tena kesi, na tunaiheshimu. Ya pili inaendelea. Tumepita tena na kartoni, na safari hii funguo za kartoni iko kwa dada wa samaki. Avoka amekubali nusu ya malipo; tunapungukiwa dola 140 kwa ajili ya gharama za kukagua parsele na kwa usafiri wa mashahidi wawili, wazee waliouziwa sehemu hiyo pamoja na baba wa familia na wanaojua mupaka unapita wapi. Anayetaka kutoa amuone dada kwenye meza yake, upande wa wauza samaki, kila siku isipokuwa yenga. Atakupa karatasi ya malipo na atakuonyesha daftari.

Kesi itasikilizwa siku ya nne, saa tatu ya asubui. Mwenye kuja aje na kitambulisho chake. Hakuna banderoli, hakuna foto.